Kwenda kutazama magari mapya ya umeme Nairobi: mwongozo kamili wa anayetaka kurudi na majibu

Mara yangu ya kwanza kwenda kwenye maonyesho ya magari kuyaona haya ya umeme, nilirudi na mfuko wa brosha, kalamu tatu, kofia moja na picha arobaini za skrini inayojizungusha. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Sasa hilo gari litachajiwa wapi, na sisi tuko ghorofa ya tatu?" Sikuwa na jibu. Hata kuuliza sikuwa nimeuliza.

Mara ya pili nilienda na shemeji yangu, dereva wa teksi ya mtandaoni, na tulijiandaa kama watu wanaokwenda kununua shamba. Mwongozo huu umetokana na tofauti ya safari hizo mbili. Gari lililoegeshwa juu ya zulia na kumulikwa taa halijui foleni ya Mombasa Road, halijui bampu, wala halina landilodi. Hayo yote uyabebe wewe uende nayo.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla hujaona rangi yoyote

Anza na kilomita zako. Usikisie. Piga picha mita ya gari Jumatatu asubuhi na tena Jumapili usiku, kisha andika tofauti. Pembeni yake andika safari ndefu unazofanya kwa mwaka: Krismasi ushago, mazishi, kupeleka watoto shule za bweni.

Kisha fungua ujumbe wa mwisho wa tokeni kwenye simu. Gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako halisi ya umeme, kodi na tozo zikiwa ndani. Yuniti moja ya tokeni ni kilowati-saa moja, na betri za magari hupimwa kwa kipimo hicho hicho. Ukiambiwa betri ni ya kilowati-saa 60, wewe sikia yuniti 60. Mimi nilipolielewa hilo, lugha yote ya wauzaji ilianza kufunguka.

Tuchukue jirani yangu anayetoka Kitengela hadi Upper Hill. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 60. Kwa siku 22 za kazi hizo ni 1,320. Ongeza kanisa, soko na matembezi, tuseme 1,500 kwa mwezi. Gari la umeme la ukubwa wa kati hula takriban yuniti 15 hadi 18 kwa kila kilomita 100. Shika 16: unapata yuniti 240. Ongeza sehemu ya kumi, maana umeme mwingine hupotea kama joto wakati wa kuchaji, zinafika 264. Ikiwa yuniti inakufikia kwa shilingi 28, utalipa kama shilingi 7,400. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita lingekunywa lita 125, na kwa shilingi 180 kwa lita hiyo ni 22,500. (Weka bei ya mwezi huu ya EPRA, mamlaka ya kawi na petroli, ile inayotangazwa tarehe 14.) Amebakisha kama elfu 15 kwa mwezi.

Inapendeza, lakini ngoja kwanza. Kama gari la umeme linalizidi bei lile la petroli la ukubwa huo huo kwa shilingi milioni moja na nusu, jirani yangu atazirudisha pesa hizo baada ya zaidi ya miaka minane. Sasa mwangalie shemeji. Yeye hupiga kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: 3,900. Petroli lita 325, shilingi 58,500. Umeme yuniti 686, kama shilingi 19,200. Tofauti inapita elfu 39, na pengo lile lile linazibika kwa miaka mitatu na ushei. Gari moja, bei moja, majibu mawili. Ukienda kwenye maonyesho bila kujua wewe ni jirani au ni shemeji, muuzaji atakuchagulia.

Kuna pia bei maalumu ya umeme wa magari, iliyoidhinishwa mwaka 2023: shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida na 8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Waulize Kenya Power kama mita yako inaweza kuingizwa humo. Kwa mtu wa teksi hilo si jambo la kuuliza kijuujuu.

Hatua ya 2: Zungumza na keateka kabla ya kuzungumza na muuzaji

Hapa ndipo nataka ukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi tunakwama.

Soketi ya kawaida ya nyumbani, ile ya pini tatu, ni ya ampea 13 kwa volti 240. Kwa kuchaji saa nyingi mfululizo, nyaya za kubebeka zinazokuja na magari mengi huvuta kama ampea 10, yaani kilowati 2.4 hivi. Betri ya yuniti 60 iliyo tupu itachukua saa 25 kujaa. Watu husikia hivyo wakakata tamaa, lakini nani hurudi nyumbani na betri tupu kila jioni? Yule wa Kitengela ametumia yuniti kumi hivi. Akichomeka saa nne usiku, saa tisa alfajiri gari limekwisha kujaa. Kwa mtu wa namna hiyo, soketi inatosha. Kwa shemeji wa kilomita 150 haitoshi. Yeye anahitaji chaja ya ukutani ya kilowati 7, yenye waya wake kutoka kwenye swichibodi, iliyofungwa na fundi mwenye leseni ya EPRA. Au basi ajue chaja ya umma atakayoitegemea iko wapi na inatoza kiasi gani.

Sasa toka nje ya nyumba ukahesabu hatua kutoka kwenye mita yako hadi unapoegesha. Kwangu ni hatua 38 na ngazi za ghorofa tatu. Waya wa kuchaji mara nyingi ni mita tano hivi. Unaona shida iliko. Na usidhani ekstensheni itakuokoa: ampea 10 kwa saa nane kwenye ekstensheni ya mtaani ni moto unaosubiri kuwaka. Plagi huanza kwa kuwa kahawia.

Kitu kingine ambacho sikukijua: athi, ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Nyaya nyingi za kuchaji hukagua kwanza kama soketi ina waya wa athi unaofanya kazi; usipokuwepo, taa nyekundu inawaka na gari linakataa umeme. Nyumba zetu nyingi za kupanga zina tundu la tatu la soketi kama pambo tu. Mwite fundi wa stima apime. Ni kazi ya dakika chache.

Kisha mtafute keateka, na kupitia kwake landilodi. Usiombe "ruhusa ya gari la umeme", maana atawazia jenereta na moto. Omba soketi moja ya nje karibu na maegesho, iliyounganishwa na mita yako mwenyewe au mita ndogo yake ya pembeni, kwa gharama yako. Landilodi wangu alichotaka kujua ni nani atalipa bili, basi. Jibu lolote utakalopewa, hata "tutaona", liandike kwenye daftari. Piga pia picha ya swichibodi. Fundi wa kwenye maonyesho akiiona, atakuambia mambo ambayo brosha haisemi.

Hatua ya 3: Siku, njia na mkoba

Maonyesho makubwa ya biashara Nairobi mara nyingi huwa KICC katikati ya jiji au Sarit Expo Centre, Westlands. KICC, shuka Kencom utembee. Kuegesha gari katikati ya mji ni adhabu ya kujitakia. Sarit, panda matatu za Kangemi ushuke Westlands. Soma tangazo vizuri kabla ya kubeba watoto, kwa sababu baadhi ya maonyesho ni ya wafanyabiashara na hutaka ujiandikishe mapema.

Nenda siku ya kazi, asubuhi. Jumamosi ni ya picha.

Mkobani weka daftari, leseni ya udereva (bila hiyo hakuna kujaribu gari), tepu ya kupimia, tochi ndogo, na viatu vyako vya kila siku miguuni. Tepu ndiyo silaha. Utaona jinsi muuzaji anavyobadilika sura ukiitoa.

Kama unaweza, nenda kwa basi la umeme. BasiGo walianza kuyaingiza mabasi yao Nairobi mwaka 2022, na sasa unaweza kukutana nayo barabarani yakifanya kazi ya matatu. Kaa kiti cha nyuma ya dereva umuulize mlima unakula asilimia ngapi. Dereva wa basi hana kamisheni kwako.

Hatua ya 4: Zunguka mara moja ukiwa bubu

Ukiingia, usisimame popote. Zunguka ukumbi mzima mikono nyuma, ukiangalia vitu vitatu tu: usukani uko upande gani, bei imeandikwa au haikuandikwa, na nani hapo ana mikono michafu.

Usukani kwanza. Magari mengi yanayotengenezwa China kwa soko la China yana usukani kushoto, na Kenya haisajili gari la kawaida la usukani wa kushoto. Gari la namna hiyo kwenye maonyesho limekuja kutazamwa. Litazame, kisha songa mbele.

Bei isiyoandikwa ina sababu. Mara nyingine ni ya haki: ushuru wa magari hubadilishwa na Sheria ya Fedha, na mwagizaji hataki kujifunga. Lakini uliza hivi: "Bei hii ni ya gari likiwa bandarini, au likiwa na nambari ya usajili?" Kati ya majibu hayo mawili kuna pesa za kununua kiwanja.

Na mikono michafu. Siku ile tulimkuta dada mmoja mwenye ovaroli, amechuchumaa anafuta vumbi kwenye mlango wa chaji, huku vijana watatu wenye suti wakigombea wageni pale mbele. Hakuna aliyekuwa anamsumbua. Shemeji akamwambia, "Dada, samahani, hili linaenda kilomita ngapi?" Akainua macho akajibu, "Kabla hujaniuliza ngapi, kaka, niulize zimepimwaje." Tukakaa naye karibu saa nzima.

Hatua ya 5: Kilomita za kwenye brosha na kilomita za kwenda ushago

Kila gari lina namba kubwa ya masafa, na chini yake, kwa herufi za chungu, jina la kipimo. Ukiona CLTC, hicho ni kipimo cha China, na ni mkarimu kupita kiasi. NEDC ni cha zamani cha Ulaya, nacho ni mkarimu. WLTP, ambacho Ulaya ilianza kukitumia mwaka 2017 badala ya NEDC, kinakaribia ukweli zaidi. Usilinganishe gari la CLTC na la WLTP kana kwamba yamepimwa kwa rula moja.

Chukua BYD Atto 3, ambayo inauzwa hapa Nairobi. Ile ya betri ya kilowati-saa 60.48 imeandikwa kilomita 420 za WLTP. Mimi hufanya hivi: kwa barabara kuu, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, abiria wanne na mizigo, napunguza moja ya tano. Inabaki 336. Sitaki kufika nikiwa na asilimia sifuri, kwa hiyo natoa tena asilimia 15 za akiba: kama 285. Kwetu ni Kakamega, karibu kilomita 400. Maana yake lazima nisimame njiani kuchaji, na Nakuru, kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, ndiko kunakoelekea kufaa. Kwa hiyo swali langu kwa muuzaji likawa, "Nakuru nitachaji wapi, kwa plagi gani, na usiku kuna mtu?" Alinijibu kwamba chaja "zinakuja." Niliandika hilo daftarini neno kwa neno.

Milima pia ihesabu. Ukishuka ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Unaweza kufika chini ukiwa umetumia kidogo sana. Jumapili jioni, ukipanda tena kuelekea Limuru na foleni ya malori mbele yako, deni linalipwa, na riba juu, maana kinachorudishwa kwa kushuka hakifikii kinacholiwa kwa kupanda. Anayekuonyesha matumizi ya kushuka peke yake mwombe na ya kupanda.

Hatua ya 6: Fungua mlango wa chaji wewe mwenyewe

Usikubali kuonyeshwa picha. Bonyeza, fungua, mulika tochi, piga picha matundu. Magari ya soko la Ulaya, na mengi yanayoletwa hapa mapya, yana CCS2: tundu la mviringo la Type 2 juu, na mawili makubwa chini yake kwa chaji ya haraka. Magari ya soko la China huja na GB/T. Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani ina CHAdeMO. Jina la plagi lenyewe si tatizo. Tatizo ni chaja zilizo kwenye njia yako kutumia plagi nyingine. Linganisha picha yako na chaja iliyo karibu na kazini kwako.

Kisha uliza namba mbili: gari linapokea kilowati ngapi kwa AC, na ngapi kwa DC. AC ni ile ya nyumbani na maegesho. DC ni ile ya haraka. Kijana mmoja kwenye safari yangu ya kwanza aliniambia gari lake "linachaji kwa dakika thelathini." Ni kweli, kwenye chaja kubwa ya DC, kutoka asilimia 30 hivi hadi 80. Kwa soketi yangu ni siku nzima na usiku. Hakudanganya, alinijibu swali ambalo sikuliuliza.

Ukiwa hapo, uliza kama gari linaweza kutoa umeme nje. BYD Atto 3 ni mojawapo ya yanayoweza: unachomeka adapta, na friji, runinga na taa zinawaka stima zikipotea. Wenzetu wa nchi za baridi huona hilo ni la kupigia kambi. Sisi tunajua ni la Jumanne jioni.

Hatua ya 7: Piga magoti

Betri iko chini ya sakafu ya gari, na Nairobi ina bampu zilizojengwa na watu wenye hasira. Waombe wakae watu wanne ndani. Sasa toa tepu, upime kutoka sakafuni hadi sehemu ya chini kabisa katikati ya gari, si kwenye ukingo. Andika. Ukirudi mtaani, pima bampu yenu kubwa kwa tepu hiyo hiyo. Muuzaji aliniuliza kama mimi ni mkaguzi wa serikali.

Mulika tochi chini uone kama betri ina bamba la kuikinga. Fungua buti, inua zulia: kuna tairi la spea, au kuna chupa ya gundi na pampu? Magari mengi ya umeme hayana spea. Chupa ile hufunga tundu la msumari. Tairi lililopasuliwa ubavuni na shimo la barabarani hailifungi. Kama ungependa spea, uliza inauzwa bei gani na itakaa wapi.

Halafu uliza bei ya vitu vidogo: sidemira, taa ya mbele, bampa, kioo cha mbele. Sidemira ya Probox ikichomolewa kwenye foleni, kesho yake unaipata Kirinyaga Road, pengine ni ile ile yako. Ya gari hili yenye kamera ndani yake inaagizwa kutoka wapi, na inachukua wiki ngapi? Hapo utamjua mwenye karakana na mwenye zulia tu.

Kuna mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu ambaye aliuliza swali bora la siku: "Na mvua ya Aprili ikijaa pale South C, hili litapita?" Vijana wakacheka. Dada wa ovaroli hakucheka. Alimweleza kwamba betri nyingi hufungwa kwa kiwango cha IP67, yaani hustahimili kuzama maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Lakini hicho ni kipimo cha betri, katika maji safi yaliyotulia. Gari zima lenye beringi, breki, viti na nyaya za milango ni habari nyingine. "Mama, ukiona maji yamefunika nusu ya tairi, rudi," akasema. Baada ya mafuriko ya 2024, swali hilo si la kuchekwa mjini hapa. Liulize pia kwa kampuni yako ya bima: maji yakiingia, au chini ya betri ikagongwa na jiwe, watalipa betri nzima au watabishana?

Hatua ya 8: Betri ni ya aina gani, na nani atakuwepo mwaka wa saba

Kuna aina mbili utakazosikia. LFP, ya chuma na fosfeti, huvumilia kujazwa hadi asilimia 100 mara kwa mara na hudumu mizunguko mingi, ingawa ni nzito kwa umeme inaobeba. NMC, yenye nikeli, ni nyepesi na hubeba zaidi, lakini kwa matumizi ya kila siku hupendelea kuishia asilimia 80. Udhaifu mkubwa wa LFP ni baridi kali, na baridi yetu ya Julai haifiki huko. Kwa Nairobi mimi ningechagua LFP bila kufikiri mara mbili.

Waranti ya kawaida ya betri ni miaka minane au kilomita 160,000, chochote kitakachotangulia. Isome karatasi yenyewe, usisome bango. Tafuta asilimia ambayo betri ikishuka chini yake utabadilishiwa; mara nyingi ni 70. Tafuta kama matumizi ya teksi yameondolewa. Shemeji alikuta sentensi hiyo ukurasa wa nne, na mwaka ule hakununua gari lile.

Na waranti ni ahadi ya mtu, sharti mtu awepo. Neta V ililetwa sokoni Kenya mwaka 2024. Mwaka 2025 Hozon, kampuni ya China iliyoitengeneza, ikaingia kwenye kesi ya ufilisi huko kwao. Sisemi ukimbie majina mapya. Uliza: waranti imeandikwa kwa jina la kampuni ya hapa au ya kiwandani? Mafundi wangapi hapa Nairobi wamefunzwa kufungua betri hii? Ghala la vipuri liko wapi, naweza kuliona Jumatatu?

Kama umekuja kulinganisha na Leaf iliyotumika, jua mambo matatu. Betri yake hupoa kwa hewa tu, haina mfumo wa kuipoza, kwa hiyo ile iliyoishi kwenye joto na chaji za haraka huzeeka upesi. Kwenye dashibodi kuna vijistari 12 vidogo vya afya ya betri; hesabu vilivyobaki, usihesabu vile vya chaji. Na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Redio itakuwa ya masafa ya Kijapani na menyu pia, lakini hayo fundi wa mtaani anayaweza.

Hatua ya 9: Pesa ibaki mfukoni siku hiyo

Utaambiwa kuna bei ya maonyesho inayoisha leo jioni. Mimi niliambiwa niweke elfu hamsini "kushikilia." Sikuweka. Wiki mbili baadaye nilipiga simu, bei ilikuwa ile ile, na kalamu wangenipa tena. Ukilazimika kulipa chochote, lipa kwa akaunti au paybill yenye jina la kampuni, soma jina hilo kwenye simu kabla ya kuweka PIN, na upate karatasi inayosema pesa zinarudishwa kwa masharti gani. Nambari ya simu ya kijana mwenye suti si akaunti ya kampuni.

Meza za benki hapo ndani zinafaa kutembelewa. Uliza riba na muda tu, na kama wanakopesha pia gharama ya chaja ya ukutani.

Hatua ya 10: Liendeshe, lakini si pale

Mzunguko wa dakika tano nje ya ukumbi hauonyeshi chochote isipokuwa kwamba gari la umeme linaruka kama swala, na hilo ulishalijua. Weka miadi ya siku ya kazi, saa kumi na moja jioni, kwenye shorumu. Omba njia yako mwenyewe: bampu za kwenu, foleni, kilima kimoja. Soma asilimia ya betri kabla ya kuondoka na uandike kilomita. Washa kiyoyozi. Mweke mtu mrefu kiti cha nyuma, maana sakafu yenye betri huwa juu na magoti hupanda. Shemeji alikaa nyuma kutoka Westlands hadi Museum Hill na kurudi, akalalamika njia nzima. Abiria wake nao wangelalamika.

Ukirudi, soma asilimia tena. Zidisha asilimia zilizotumika kwa ukubwa wa betri, ugawanye kwa kilomita ulizokwenda, kisha uzidishe kwa mia. Betri ya yuniti 60 ikishuka asilimia 6 kwa kilomita 20, umetumia yuniti 3.6, sawa na 18 kwa kilomita 100. Futa ile 16 uliyoiandika nyumbani, weka hii, na upige hesabu ya hatua ya kwanza upya.